Kifua kisicho na jina

Mpwa wangu alikuwa na wiki saba alipoanza kukohoa. Siku ya kwanza ilikuwa mafua tu: kamasi nyepesi, chafya mbili tatu. Kaka yake wa miaka mitano naye pua ilikuwa inachuruzika tangu Jumatatu, kayatoa chekechea. Siku ya tatu mtoto akashindwa kunyonya. Hamu alikuwa nayo, pumzi ndiyo hakuwa nayo: anakamata ziwa, anavuta mara mbili, anaachia ahemee, analia, anakamata tena. Dada yangu alipomfungua nguo tukaona kitu ambacho sikujua kukiita. Kila akivuta hewa, ngozi chini ya mbavu ilikuwa inabonyea ndani.

Bibi yake hakuwa na shaka. "Kimeo hicho. Mpelekeni akakatwe." Jirani akasema kichomi. Mimi nikasema nimonia, kwa sababu ndilo neno nililowahi kulisoma kwenye bango. Bahati nzuri dada hakutusikiliza hata mmoja, akamfunga kanga na kwenda kituo cha afya. Nesi alimlaza mtoto mapajani mwa mama yake, akamwambia mama asimnyonyeshe kwanza, akatazama saa ya ukutani na kuhesabu pumzi dakika nzima. Sabini na mbili. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, sitini tu zinatosha kuandikiwa rufaa.

Alilazwa siku tano, bomba la oksijeni puani, sindano za antibayotiki asubuhi na jioni. Karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa nimonia kali. Siwalaumu walioandika, walimtibu na akapona. Ila nimonia ni jina la hali ya mapafu, si jina la mhalifu. Ni sawa na polisi kuandika kwamba mtu kapigwa, halafu wakafunga jalada bila kuuliza kapigwa na nani. Na mhalifu anayeongoza kwa kushambulia mapafu ya vichanga duniani anafahamika kwa karibu miaka sabini sasa. Ni kirusi ambacho wataalamu wanakiita RSV, kifupi cha Kiingereza cha respiratory syncytial virus. Sisi kwa Kiswahili hatujampa jina lolote, na nadhani hilo linamlinda kuliko ukosefu wa dawa.

Kirusi hiki kiligunduliwa Marekani mwaka 1956, kwa sokwe wa maabara waliokuwa wakipiga chafya. Muda mfupi baadaye kikakutwa kwa watoto wagonjwa mjini Baltimore. Karibu kila binadamu hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili, na akikipata tena ukubwani mara nyingi huwa ni mafua ya siku chache. Shida ni wale wa miezi ya mwanzo. Vimirija vyao vya hewa ni vyembamba mno. Kirusi kikiingia, kuta zake huvimba, chembehai zilizokufa hukwanguka na kuchanganyika na makamasi, njia inaziba. Mtoto anapigania kila pumzi mpaka anachoka. Antibayotiki haikigusi, kwa sababu hicho si bakteria. Kinachomwokoa mtoto ni oksijeni, maziwa au maji kwa njia anayoweza kuyapokea, na muda.

Makadirio ya mwaka 2019 yanasema RSV ilisababisha vifo zaidi ya 100,000 vya watoto wa chini ya miaka mitano, karibu nusu yao wakiwa hawajafikisha miezi sita. Katika kila vifo 100, zaidi ya 97 vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko kwenye baridi na theluji, ambako watu hudhani ndiko nyumbani kwa ugonjwa huu, mtoto hulazwa akarudi kwao. Anayekufa ni huyu wetu.

Mwenye kusema hayo ni mambo ya Ulaya na apite Kilifi, pwani ya Kenya. Pale, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao wa shirika la Wellcome la Uingereza wamekifuatilia kirusi hiki kwa zaidi ya miaka ishirini. Mawimbi yake huja kila mwaka, mara nyingi yakianza kupanda kuelekea mwisho wa mwaka na kufika kileleni kaskazi ikivuma. Kilifi ilikuwa pia mojawapo ya vituo vya utafiti mkubwa wa visababishi vya nimonia, uliofanywa katika nchi saba za Afrika na Asia na kutoa matokeo mwaka 2019. Kwa watoto waliolazwa na nimonia kali iliyothibitishwa kwa picha ya eksirei, wasio na VVU, RSV peke yake ilibeba karibu theluthi moja. Hakuna bakteria wala kirusi kingine kilichoikaribia.

Lakini utafiti wa Kilifi ninaoupenda zaidi ni ule wa mwaka 2009 hadi 2010. Walichagua kaya 47 zenye mtoto mchanga, wakawa wanazitembelea mara mbili kwa wiki kwa miezi sita, kila mtu anachukuliwa kipimo cha pua, awe anaumwa au mzima. Hebu fikiria subira ya kaya hizo: mara mbili kwa wiki kijiti puani, babu, mama, watoto, mgeni aliyekuja kukaa! Walitaka kujua nani humletea kichanga ugonjwa. Jibu likawa lile ambalo mama yeyote angelikisia: mara nyingi ni mtu wa humo humo ndani, na anayeongoza ni kaka au dada anayekwenda shule. Niliposoma hayo nikamkumbuka yule kijana wetu wa chekechea, anayembusu mdogo wake kila akirudi, kamasi na yote.

Sasa ukishajua kwamba mwizi anaingia kwa mlango wa mbele akiwa na begi la shule, utafanya nini? Huwezi kumtenga mtoto na ndugu zake katika nyumba ya vyumba viwili. Kunawa mikono kunasaidia, kuhamisha jiko la mkaa nje kunasaidia, maziwa ya mama yanasaidia. Hakuna hata kimoja kinachotosha. Kinachobaki ni kumvisha mtoto ngao kabla kirusi hakijafika, na hapa ndipo sayansi ilipokwama kwa miaka mingi.

Jaribio la kwanza la chanjo lilifanywa Marekani mwaka 1966, na lilikwenda vibaya kupita kiasi. Katika kundi moja la Washington walichanjwa watoto 31. Msimu ulipofika, 20 kati yao waliambukizwa, 16 wakalazwa, wawili wakafa. Chanjo haikuwalinda, iliwafanya waugue vibaya zaidi ya wenzao ambao hawakuipata. Ndiyo maana kwa miongo kadhaa ni wachache waliothubutu tena.

Sababu ilikuja kueleweka vizuri mwaka 2013, pale watafiti wa Marekani Jason McLellan, Barney Graham na wenzao walipochora umbo la protini ambayo kirusi hutumia kujipenyeza kwenye chembehai zetu. Protini hiyo ina sura mbili, moja kabla ya kuvamia na nyingine baada. Chanjo ya zamani iliufundisha mwili ile sura ya pili. Ni kama kumpa mlinzi picha ya mwizi aliyekwisha kuoga na kubadili nguo. Walipojua kuigandisha sura ya kwanza, milango ikafunguka, na ndani ya miaka kumi zikapatikana kinga mbili ambazo zote zinakwepa lile kosa la 1966. Mtoto mwenyewe hafundishwi kupigana. Anapewa askari waliokwisha kufunzwa.

Njia moja ni kumchoma sindano ya kingamwili zilizotengenezwa maabara, mara moja, muda mfupi baada ya kuzaliwa. Iitwayo nirsevimab iliidhinishwa Ulaya mwaka 2022 na Marekani mwaka 2023, na humlinda mtoto kwa takriban miezi mitano au zaidi. Jimbo la Galicia, Hispania, lilipowachoma zaidi ya asilimia 90 ya vichanga wake msimu wa 2023 hadi 2024, kulazwa kwa sababu ya RSV kulipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Chile ilifuata nchi nzima mwaka 2024, na msimu huo haikuzika kichanga hata mmoja kwa ugonjwa huu.

Njia nyingine ni kumchanja mama mjamzito. Mwili wake unatengeneza kingamwili, kondo la nyuma linazisafirisha kwenda kwa mtoto, na mtoto anazaliwa nazo. Jaribio lake lilihusisha wajawazito wapatao 7,400 katika nchi 18, Afrika Kusini na Gambia zikiwamo. Dhidi ya ugonjwa mkali, chanjo ilizuia karibu asilimia 82 katika miezi mitatu ya mwanzo na asilimia 69 hadi miezi sita. Uingereza imekuwa ikiitoa tangu Septemba 2024. Machi 2025 Shirika la Afya Duniani likaipa ithibati inayoruhusu mashirika ya Umoja wa Mataifa kuinunua, na Mei mwaka huo huo likazishauri nchi zote zichague mojawapo ya njia hizi mbili.

Kwetu ningeanza na mama, na sababu yangu haina ufundi wowote: njia hiyo tayari tunayo. Kila mwanamke aliyewahi kubeba mimba Tanzania au Kenya anaijua sindano ya pepopunda. Anaijua mpaka bega linavyouma usiku wake. Mantiki ni ile ile, mama anachomwa ili mtoto asife, na hakuna anayehitaji kuelezwa upya. Zahanati ambayo haina umeme wa uhakika ina angalau jokofu la chanjo na mtu mmoja anayejua kuchoma.

Kuna jambo la ajabu kidogo ambalo wapangaji wa mipango hawalisemi vya kutosha. Miaka yote tunawasema wanawake kwa kuchelewa kuanza kliniki. Chanjo hii haidai kuwahi. Inatolewa miezi mitatu ya mwisho, kuanzia wiki ya 28, na inahitaji angalau wiki mbili kabla ya kujifungua ili kingamwili zivuke. Yule mama anayekuja kliniki mara ya kwanza tumbo likiwa limeshachongoka, tunayempokea kwa kumkaripia, kwa mara moja amekuja kwa wakati. Tutakayemkosa ni yule aliyewahi mapema, akaambiwa kila kitu kiko sawa, akaona nauli ya kurudi ni bora inunue unga. Takwimu za 2022 za Tanzania zinaonyesha asilimia 65 ya wajawazito walifika kliniki mara nne au zaidi. Kenya ni 66. Hapo theluthi moja inavuja. Wakati huo huo waliojifungulia kituoni walikuwa asilimia 81 Tanzania na 88 Kenya. Hesabu hizo zinasema kwamba siku moja, bei ikishuka, ile sindano ya kichanga ipewe nafasi pembeni ya BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwa ajili ya wale ambao mama zao hawakuchanjwa, na kwa ajili ya njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati.

Njiti wananirudisha kwenye jambo ambalo watetezi wa chanjo hupenda kulipita haraka. Kampuni ya GSK ilikuwa na chanjo yake ya wajawazito, ikaisimamisha Februari 2022 kwa sababu waliochanjwa walizaa njiti zaidi: asilimia 6.8 dhidi ya 4.9 kwa wasiochanjwa, na tofauti ilionekana zaidi katika nchi zisizo tajiri. Chanjo ya Pfizer, ambayo ndiyo inayotumika sasa, ilionyesha 5.7 dhidi ya 4.7, tofauti ndogo ambayo kitakwimu inaweza kuwa ya bahati tu. Marekani iliamua kuitoa kati ya wiki ya 32 na 36 kwa tahadhari. Uingereza huanza wiki ya 28.

Ukiwa London, swali la wiki ni rahisi, mama amepigwa altrasaundi mapema na tarehe inajulikana. Kwenye zahanati nyingi zetu wiki huhesabiwa kwa kumbukumbu ya hedhi ya mwisho na kwa utepe, kimo cha mimba, na mwenye mapacha anaweza kukosewa kwa wiki kadhaa. Hili si sababu ya kuikataa chanjo. Ni sababu ya kuianzisha kwa macho wazi, na ningependa wizara zetu ziweke kiwango cha wiki kinachoacha nafasi ya kukosea, halafu zihesabu njiti kwa uangalifu kuliko zinavyohesabu dozi.

Na zimwambie mama mapema. Tumeshaona kinachotokea pasipo maelezo. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki Kenya walidai kwamba chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilitiwa homoni ya kuharibu uzazi. Serikali ilikanusha, WHO na UNICEF wakakanusha, lakini neno lilikwisha kufika sokoni na kanisani kabla ya kanusho. Chanjo ya mjamzito ina uoga wake wa pekee, kwa kuwa hapo wanahusika watu wawili na mmoja hawezi kusema. Afadhali mama ausikie mjadala wa njiti kutoka kwa nesi wake, kwa hesabu zake zote, kuliko kuusikia kwenye sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe.

Fedha? Sindano ya kingamwili ilipoingia sokoni Marekani iliwekwa dola 495, chanjo ya mama dola 295. Kwa shilingi za Tanzania hiyo ya kwanza inazidi milioni moja kwa mtoto mmoja. Hakuna bajeti yetu inayobeba hilo, na hakuna anayetarajia tulipe bei hiyo. Tegemeo ni Gavi, taasisi ya kimataifa inayozisaidia nchi maskini kupata chanjo, ambayo tangu 2018 ilishaiweka chanjo ya RSV kwa wajawazito kwenye orodha ya zile inazokusudia kusaidia. Ila Juni 2025, kwenye mkutano wa Brussels, Gavi ilikuwa inatafuta dola bilioni 11.9 na ikapata ahadi za zaidi kidogo ya bilioni 9, huku Marekani ikitangaza kuacha kuichangia. Fedha zikipungua, chanjo mpya ndiyo ya kwanza kuambiwa isubiri. Na kwenye foleni ya kusubiri hutangulia nchi inayoweza kusema: tunataka hii, hawa hapa watoto wetu, hizi hapa hesabu zao.

Sisi Tanzania hesabu hatuna. Zambia wanazo, na walizipata mahali pa huzuni. Lusaka, kati ya 2017 na 2020, watafiti walichukua kipimo cha pua kwa vichanga zaidi ya 2,000 waliokuwa wamekwisha kufa, wakiwamo walioletwa mochwari kutoka majumbani. Takriban 7 kati ya kila 100 walikutwa na RSV, na wengi wao hawakuwahi kufikishwa wodini. Maana yake takwimu za hospitali, hata zingekuwa nzuri kiasi gani, zingewakosa. Ni watoto waliofia mgongoni kwa mama njiani, au kwa mkata kimeo, au usingizini, na msibani ikasemwa alikuwa anakohoa.

Wakati wa UVIKO tulinunua mashine za PCR, zinazotambua vinasaba vya kirusi, tukafundisha vijana kuzitumia. Mashine hizo zinaweza kupima RSV vilevile. Hospitali tano tu za mikoa zikipima kila kichanga anayelazwa kwa kifua kwa mwaka mmoja, tutajua wimbi la Tanga linakuja lini, kama linafuata la Kilifi au lina kaskazi yake, na kama Mbeya yenye baridi inafanana na Mtwara. Ni gharama ndogo kuliko semina za mwaka huo huo.

Na tumpe jina. Wazee waliokuta ugonjwa unaomkakamaza mtoto na kumbana taya waliuita pepopunda, na jina hilo, pamoja na pepo wake, limebeba kampeni ya chanjo kwa miaka mingi kuliko bango lolote. Dengue tuliipa kidingapopo. Korona ilipokuja, haukupita muda wanalugha wakatupa UVIKO. Mimi si mwanalugha, sina jina mfukoni. Najua tu kwamba mama hawezi kudai kitu asichoweza kukitaja, na mbunge hawezi kukiulizia bungeni.

Dada yangu ni mjamzito tena, wiki ya thelathini na moja. Alhamisi iliyopita alikwenda kliniki, akapimwa uzito, presha, kimo cha mimba, akachomwa pepopunda. Alipokuwa anarudishiwa kadi akamuuliza nesi kama ile ya kifua imeshafika.

"Ya kifua kipi, mama?"

Akasema, kile cha watoto wachanga. Nesi akaitazama kadi mbele na nyuma, akamwambia ya nimonia ipo, mtoto ataipata akifikisha wiki sita.